Kununua pikipiki ya nguvu isiyo na kava, iliyokwisha tumika: soma chuma kabla ya kusoma kilomita

Pikipiki hizi unazitambua kwa mbali. Injini na fremu ziko wazi, hakuna kava la plastiki la kukata upepo, na usukani ni mpana unaomkalisha dereva wima. Humo mna Yamaha MT-09, Triumph Street Triple, Kawasaki Z900, BMW S 1000 R, KTM 1290 Super Duke R na Ducati Streetfighter. Nyingine zimerithi injini za pikipiki za kasi kabisa: Suzuki GSX-S1000 inatumia injini iliyotokana na ile ya GSX-R1000 ya mwaka 2005.

Nguvu nyingi ikikutana na usukani mpana, dereva hushawishika kunyanyua tairi la mbele. Kwa hiyo swali la kwanza si imetembea kilomita ngapi, bali imetembezwaje. Iliyokwenda kilomita 40,000 za safari ndefu na servisi za wakati ni ununuzi salama kuliko ya kilomita 9,000 iliyochezewa na kupelekwa kwenye uwanja wa mashindano. Namba ya dashibodi ni rahisi kupotosha, kwa sababu dashibodi nzima inaweza kubadilishwa. Chuma kilichoumia ni vigumu kukificha.

Maswali ya kuuliza kabla ya kwenda

Piga simu kwanza. Uliza ni lini oili, maji ya rejeta na oili ya breki vilibadilishwa mara ya mwisho, funguo ziko ngapi, eksozi ya kiwandani ipo au imeuzwa, na kama imewahi kuanguka. Mwambie muuzaji asiwashe injini mpaka ufike.

Swali lenye pesa nyingi zaidi ni la valvu, yaani milango midogo ya silinda ya kuingizia hewa na kutolea moshi: je, nafasi zake (mwanya mdogo kati ya valvu na kinachoifungua) zimepimwa, na risiti iko wapi? Valvu zinavyochakaa, nafasi hupungua, hasa upande wa eksozi. Ikiisha, valvu haifungi sawasawa, moto unapenya na kuichoma. Upimaji wenyewe ni kazi ndefu, maana tanki na boksi la hewa hutolewa kwanza, ndipo kava la juu la injini lifunguliwe. Kila modeli ina kipindi chake: Street Triple nyingi ni kila kilomita 20,000, Super Duke R 1290 ni 30,000, MT-09 ni takribani 40,000. Mwaka wa modeli unaweza kubadilisha namba hizo, kwa hiyo neno la mwisho ni la kitabu cha pikipiki husika. Pikipiki inayouzwa ikiwa imebakiza kilomita elfu moja kufika kipimo hicho inakuja na deni, na deni hilo likatwe kwenye bei. Kwa Ducati zenye mikanda ya kuendesha valvu, kama Monster 1200, hesabu na miaka pia: mkanda hubadilishwa kila baada ya miaka 5 hata kama pikipiki ilikuwa imeegeshwa tu. Ukikatika, pistoni na valvu hugongana.

Injini iwe baridi

Ukifika, weka kiganja kwenye kava la injini. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha, na injini ya moto huficha mambo matatu: kuwaka kwa shida, moshi wa mwanzo, na mlio wa cheni ya kemshafti (shafti inayofungua valvu). Subiri ipoe au panga siku nyingine.

Washa bila kuvuta mafuta. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua. Mvuke mweupe kidogo ni kawaida kukiwa na baridi, lakini ukiendelea baada ya injini kupata moto na ukawa na harufu tamu, maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Sikiliza upande wa cheni ya kemshafti. Mlio wa kukwaruza unaoisha baada ya sekunde chache huelekeza kwenye tenshona, kifaa kinachokaza cheni hiyo; MT-09 za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa hilo, na tenshona iliyoboreshwa hulitatua. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaofuata mizunguko ya injini, ni habari nyingine kabisa. Tairi la mbele likinyanyuliwa kwa muda mrefu, oili hukimbilia nyuma ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na pampu inaweza kuvuta hewa. Beringi za krenki ndizo zinazolipia. Ukiusikia mlio huo wa kugonga, aga uondoke.

Chukua multimita. Betri nzima, pikipiki ikiwa imezimwa, husoma volti 12.6 hivi au zaidi. Injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000, tarajia kati ya 13.5 na 14.7. Ikiwa chini ya hapo, stata (inayozalisha umeme wa kuchaji, si mota ya kuwashia) au regyuleta (inayodhibiti chaji) ina tatizo; ikiwa juu, regyuleta inaikaanga betri.

Imeanguka, haijaanguka?

Hapa pikipiki isiyo na kava inamsaidia mnunuzi na kumdanganya kwa wakati mmoja. Inamsaidia kwa sababu inapolala, chuma chenyewe ndicho kinachogusa lami. Inamdanganya kwa sababu vinavyogusa kwanza ni vya bei nafuu: ncha za usukani, leva, vikanyagio, vioo, indiketa. Mtu hubadilisha vyote kwa siku moja, na kwa jicho la haraka pikipiki inaonekana mpya.

Basi usitafute mikwaruzo peke yake. Tafuta tofauti kati ya kushoto na kulia. Leva moja ikiwa mpya inayong'aa na mwenzake imefifia, upande huo umeguswa. Linganisha rangi ya vichwa vya bolti, kuchakaa kwa vikanyagio, na kava za injini za pande zote mbili. Pitisha kidole chini ya kava la klachi na la stata, mahali ambapo rangi ya kupuliza haifiki vizuri. Rejeta iko wazi mbele. Angalia kama imepinda pembeni au vibanzi vyake vimelala.

Kisha geuza usukani mpaka mwisho kila upande, upige tochi kwenye kichwa cha fremu, pale usukani unapopita. Kuna vizuizi vidogo vya chuma vinavyozuia usukani usigonge tanki. Kizuizi kilichobonyea, kilichopasuka au kilichopakwa rangi upya kinasema kwamba usukani ulipigwa kwa nguvu kubwa, na pigo hilo limepita kwenye fremu. Ni alama ndogo, lakini inatosha kukufanya uache. Simama pia hatua chache nyuma ya pikipiki, usukani ukiwa umenyooka, uone kama matairi yote mawili yako kwenye mstari mmoja.

Imechezewa, imekwenda uwanjani?

Nyanyua tairi la mbele kwa stendi, kisha zungusha usukani taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukihisi unanasa kidogo katikati, beringi za kichwa cha fremu zimetoboka vijishimo, na sababu mojawapo ni tairi kutua kwa kishindo tena na tena. Shika foko kwa chini, vuta na kusukuma. Mlio wa kugonga maana yake beringi zimelegea. Pitisha ukucha kwenye bomba linalong'aa la foko. Alama inayokwaruza ukucha itakata sili hata ukiweka mpya. Bonyeza mbele mara tatu kwa nguvu, uangalie kama duara la oili linabaki. Oili ikishafika kwenye pedi za breki, pedi hizo ni za kutupa, hazisafishiki.

Zungusha kila rimu ukiwa umeshika kijiti karibu na ukingo wake. Bonde lolote litajionyesha. Upande wa nyuma, zuia tairi kwa mkono na utikise sproketi. Ikicheza sana, raba za habu zimekwisha.

Pikipiki ya uwanjani hujisema kwa mambo madogo. Bolti ya kumwagia oili yenye tundu la waya wa kufungia, kingo za matairi zilizoyeyuka vijidonge, vioo na indiketa vinavyofungwa kwa bolti mpya. Siku chache za uwanjani si dhambi kama servisi ilifuata. Kinachotia shaka ni muuzaji anayekana huku tundu la waya liko mbele yenu.

Cheni, matairi na diski

Vuta cheni kwa nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikinyanyuka ukaona nusu ya jino, seti nzima ibadilishwe, cheni na sproketi zote mbili pamoja. Zungusha tairi na upime ulegevu sehemu tofauti: mahali panapokaza na panapolegea ni dalili ya cheni iliyochoka. Tarakimu nne kwenye ubavu wa tairi ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Baada ya miaka mitano au sita mpira hukakamaa hata kama mistari ipo. Unene wa mwisho wa diski umechongwa kwenye diski yenyewe. Pima kwa kalipa, usikisie.

Vilivyoongezwa

Eksozi kamili isiyo na kichujio cha moshi inahitaji programu ya injini iliyorekebishwa. Bila hiyo, injini hupata petroli pungufu, hupata joto na hustuka ukifungua mafuta kidogo. Omba vipuri vya kiwandani vije na pikipiki, maana huenda ukavihitaji kwenye ukaguzi. Fungua siti: nyaya zilizounganishwa kwa selotepu nyuma ya taa ndogo ya namba ni chanzo cha hitilafu zisizoisha.

Ukiwasha swichi, taa ya ABS (mfumo unaozuia tairi kufunga wakati wa breki) lazima iwake, kisha izimike baada ya kusogea kidogo. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeificha. Kwa modeli zenye udhibiti wa kuteleza, mlipe fundi asome misimbo ya hitilafu kwa kompyuta.

Barabarani

Vaa kikamilifu, na hakikisha bima inakuhusu. Gia ya tano, mizunguko 4,000, fungua mafuta yote: mizunguko ikipanda na mwendo ukabaki palepale, klachi inateleza. Gia ya pili, vuta kwa nguvu, achia, vuta tena. Ikiruka, meno ya gia yameliwa na boksi zima litafunguliwa. Funga breki ya mbele taratibu kutoka mwendo wa kati. Leva ikipiga mapigo mkononi, diski imepinda. Kwikishifta, kifaa cha kubadilisha gia bila klachi, ijaribu ukiwa unavuta, si kwenye mwendo wa kuteleza.

Karatasi na malipo

Linganisha namba ya chesisi iliyochongwa kwenye kichwa cha fremu na ile ya hati, herufi kwa herufi, zote 17. Jina la hati na la kitambulisho cha muuzaji liwe moja. Hakikisha haina mkopo, na uliza kiwandani kwa namba hiyo kama kuna marekebisho ya bure ambayo hayajafanywa.

Jumlisha gharama ya matairi, seti ya cheni, valvu na beringi kwa bei za fundi wako, kisha toa kwenye bei anayotaka muuzaji. Zungumza kwa orodha hiyo mkononi.

Baada ya kuichukua, badilisha oili, filta na oili ya breki bila kujali ulichoambiwa. Kisha rudisha foko na shokapu ya nyuma kwenye kipimo cha kiwandani, ukihesabu milio ya "klik" kutoka mwisho wa skrubu: mmiliki aliyepita aliziweka kwa uzito wake, si wako.