Kununua mashua iliyotumika: ikague ikiwa kavu, kisha ilaze majini

Mashua yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa imepakwa rangi ya buluu, imepumzishwa kivulini chini ya mkungu, na mwenyewe ana haraka ya safari. Nikaipiga ubavuni kwa kiganja, nikalipa. Usiku wa tatu, tukiwa tumetia nanga nje ya mwamba, baharia wangu akanyoosha mguu na kuukuta umezama majini mpaka kifundoni. Tulifua maji kwa zamu hadi alfajiri. Fundi alipoibandua ile rangi ya buluu, chini yake tulikuta unga wa mbao uliokandwa kwa gundi, umesindiliwa kwenye ufa wa urefu wa kiganja, katika ubao uliokaa na mkuku, ule uti wa mgongo wa chini wa chombo.

Tangu siku ile nimenunua vyombo vingine na kuwasindikiza wenzangu kununua vyao. Njia ninayoifuata ndiyo hii ninayoiandika. Chombo cha mbao nakikagua mara mbili: kimepwelewa mchangani, na kimelala majini usiku kucha. Muuzaji akikubali moja na kukataa ya pili, namuaga. Ninazungumzia mashua ya futi 18 mpaka 25, yenye tanga na mashine ya nyuma, ya aina inayovua kwa mishipi, nyavu na madema (mitego ya samaki) kuanzia Tanga mpaka Mtwara, na Visiwani pia.

Hatua ya 1: Amua unakwenda kuvua nini, na wapi

Kama uvuvi wako ni wa ndani ya mwamba, watu wawili na mishipi, huenda ngalawa inakutosha: ni nyepesi, matengo yake, zile mbao za pembeni, yanaizuia isipinduke, na watu wawili watatu wanaipandisha pwani. Madema yanataka nafasi ya kuyapanga. Nyavu zikilowa ni nzito, zinataka mashua yenye tumbo pana. Tazama pia bandari yako. Pwani yenye mawimbi, chombo kizito kitakutesa kila jioni.

Hatua ya 2: Chagua siku kwa mwezi

Ukaguzi wa kwanza uweke siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Kwetu siku hizo maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi, kwa hiyo unapata mwanga mzuri na saa mbili tatu za kuuzunguka mkuku wote. Ukienda siku za maji mafu, maji yasipopwa sana, utaikuta mashua inaelea, utaona nusu ya juu tu, na ugonjwa wa chombo uko nusu ya chini.

Mwambie muuzaji mapema asipake rangi wala deheni (mafuta ya kuzibia mbao) kwa ajili yako. Mimi hupendelea kutafuta mwezi wa Juni au Julai, kusi ikiwa kali, kwa sababu vyombo vingi vimepandishwa na watu wanavitengeneza. Utakiona chombo uchi. Ukingoja kaskazi, bahari ikianza kutulia, kila mwenye mashua anataka kwenda nayo baharini.

Hatua ya 3: Nenda na fundi wako

Awe fundi wa kuunda vyombo, na asiwe wa bandari ileile. Fundi wa pale huenda ndiye aliyeziba hilo tundu, au ni shemeji wa mwenye mashua, na hatakuvunjia heshima ya mtu mbele yako. Mlipe kutwa yake hata kama hununui. Chukueni nyundo ndogo yenye mpini wa mbao, bisibisi nyembamba, tochi, kamba ya kunyoosha, na kipande cha mkaa. Kazi ya mkaa nitaieleza mbele.

Hatua ya 4: Ikague ikiwa kavu, kuanzia chini

Anza kwa kusimama mbali. Simama nyuma ya tezi, mwisho wa nyuma wa chombo, uangalie kuelekea omo, yaani mbele: pande mbili zinalingana? Vuta kamba kando ya mkuku kutoka mwisho hadi mwisho. Mkuku ukiwa umeinuka katikati, ncha zimeshuka kama mgongo wa paka, basi mataruma (mbavu za chombo) na misumari vimechoka, na hakuna kalafati, yaani pamba ya kuziba maungio, itakayokaa muda mrefu kwenye chombo hicho, kwa sababu mbao zinacheza kila wimbi likipita.

Kisha piga. Tumia mpini wa nyundo, ubao kwa ubao, kuanzia chini. Mbao nzima hulia kwa sauti kavu, inayorudi mkononi. Mbao iliyooza au iliyoliwa ndani hutoa sauti butu, kama unapiga gunia. Popote sauti inapobadilika weka alama, halafu sukuma bisibisi taratibu. Ikizama bila kulazimishwa, umepata jibu.

Mdudu anayetoboa mbao baharini ni mwizi wa kimyakimya. Tundu analoingilia ni dogo kama la sindano, lakini humo ndani anachimba njia unene wa kidole, na ubao unaweza kuwa kama sega la nyuki huku nje umelala laini. Ndiyo maana wazee wetu huchoma tumbo la chombo kwa makuti makavu kila baada ya muda, kisha hupaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Ukiona weusi wa moshi wa zamani chini ya tumbo usiudharau, ni dalili kwamba chombo kimetunzwa.

Sehemu za kukaa nazo muda mrefu ni hizi: ubao wa kwanza unaokaa na mkuku, pande zote mbili, pale mkuku unapokutana na omo na tezi, na mstari wa maji. Tazama vichwa vya misumari. Kutu ikiwa imechuruzika kama machozi mekundu, na mbao kuzunguka msumari imekuwa nyeusi na laini, msumari umekwisha kula nafasi yake. Mmoja wawili hubadilishwa. Ukikuta safu nzima hivyo, fundi atakuambia bei yake, na mara nyingi bei hiyo inakaribia ya mashua.

Angalia kalafati kwenye maungio. Pamba iliyosindiliwa vizuri na mafuta haitoki kwa ncha ya msumari. Lakini pima pia upana wa ungio lenyewe. Kama kidole chako kinaingia, ujue limechokonolewa na kuzibwa mara nyingi mpaka kingo za mbao zimeliwa.

Sasa ingia ndani, toa mbao za kukanyagia, zote. Muuzaji akisema zimepigiliwa, omba ruhusa mzing'oe na kuzirudisha. Chunguza mataruma, hasa vichwa vyake vya juu na chini ya viti, kwa sababu huko ndiko maji ya mvua hutuama. Maji ya mvua huozesha mbao kuliko maji ya chumvi, jambo ambalo mnunuzi mgeni halitarajii. Na ukikuta saruji imemwagwa kwenye ngama, pale chini ndani ya chombo maji yanapokusanyika, simama hapo kwanza. Saruji ile imefunika kitu, na taruma lililo chini yake haliwezi kukaguliwa bila kuvunja.

Boti ya faiba ukaguzi wake ni mfupi zaidi: gonga usikie panapobadilika sauti, kanyaga sakafu usikie panapobonyea, tazama nyufa kwenye kona, kisha inyanyueni. Ikiwa nzito kupita umbo lake, huenda maji yameingia katikati ya tabaka.

Hatua ya 5: Ilaze majini usiku mmoja, ikiwezekana miwili

Watu wengi huiruka hatua hii, nami nilipoiruka ndipo nilipoumia. Mashua ikikaa juu muda mrefu mbao zake hukauka na kusinyaa, kwa hiyo siku ya kwanza majini lazima itavuja. Usiogope, na muuzaji asikudanganye upande wowote. La kujua ni kama uvujaji unapungua.

Ishusheni maji yakijaa, mfue maji mpaka yabaki kidogo tu, kisha chora mstari wa mkaa kwenye taruma moja la katikati, sawa na maji ya ngama yalipo. Baada ya saa moja chora mstari wa pili, kisha fua tena mpaka mstari wa kwanza. Rudia. Andika saa na umbali kwa vidole: vidole vinne saa ya kwanza, vitatu saa ya pili, na kadhalika. Mbao nzima zikinywa maji hufura na kufunga maungio, na kufikia asubuhi utaona kidole kimoja au chini yake. Kama saa kumi alfajiri maji bado yanapanda vidole vinne vilevile vya jioni, maji yanapita kwenye tundu au mbao iliyokufa, na kufura hakutasaidia.

Lala ufukweni karibu nayo. Nimewahi kumkuta kijana wa muuzaji saa nane usiku anafua maji kabla sijaamka.

Asubuhi itoe baharini na tanga, watu wanne na mawe ya uzito ndani. Sikiliza: mashua inayolia kwenye maungio kila wimbi, mataruma yake yamelegea. Baada ya safari pima tena ngama. Kuna vyombo havivuji vikilala, vikianza kubeba ndipo vinafunguka.

Hatua ya 6: Mashine

Ikute baridi. Weka kiganja juu yake kabla hamjasalimiana vizuri. Ikiwa ya moto, imewashwa makusudi ili isikusumbue mbele yako. Rudi siku nyingine.

Vuta kamba polepole, usikie ukinzani ulio sawa kwa kila silinda. Fungua plagi: rangi ya kahawia ni njema, iliyolowa mafuta au yenye chembe za chumvi si njema. Fungua oili ya gia chini. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Hapo toa panga la mashine (propela) uangalie shafti, mara nyingi utakuta mshipi umejizungusha na kukata sili. Ni ugonjwa wa kila siku wa mashine za wavuvi.

Ikiwaka, maji ya kupoza yatoke kwa nguvu na bila kukatika. Iendeshe nusu saa ikiwa na mzigo, si dakika tano pwani. Mashine ikining'inia, shika mguu wake, uinue na kuushusha, huku ukiangalia ubao wa nyuma unaoibeba. Ukichezacheza au kutoa maji kwenye skrubu, ubao huo umeoza ndani.

Nakili namba ya mashine. Ikiwa imekwanguliwa, usiinunue kwa bei yoyote, kwa sababu mashine zinaibwa sana na mwenyewe anaweza kuitambua siku utakapoegesha bandarini kwake.

Hatua ya 7: Mwenye chombo ni nani hasa?

Mashua nyingi ni za urithi au za ushirika. Anayekuuzia anaweza kuwa kaka mkubwa tu, na wenzake wanne wana haki humo. Nyingine ina deni kwa tajiri wa samaki aliyekopesha mashine au nyavu kwa makubaliano kwamba samaki wote wauzwe kwake. Kaa na wavuvi wa pale, kunywa nao kahawa, uliza viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi pwani. Watakuambia yale ambayo karatasi hazisemi.

Halafu nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri na leseni ya mwisho ya chombo. Jina na namba iliyoandikwa kwenye omo vilingane na karatasi. Bara, chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, leseni ya chombo ni mbali na leseni ya mvuvi ni mbali, utahitaji zote. Mambo ya usalama wa chombo bara yako chini ya TASAC, shirika la wakala wa meli, Zanzibar chini ya ZMA, mamlaka ya usafiri wa baharini. Kama bei inajumuisha nyavu, mwoneshe afisa matundu yake kabla hujalipa. Kokoro, wavu wa kukokotwa hadi pwani, imepigwa marufuku, na utakayekamatwa nayo ni wewe.

Hatua ya 8: Bei

Mwombe fundi akuandikie orodha ya matengenezo na gharama, mbao, misumari, pamba, siku za kazi. Ipeleke mezani kwa adabu: "Mzee wangu, mashua nimeipenda, lakini tazama inachodai." Nakushauri usitumie zaidi ya theluthi mbili za fedha zako kununua. Inayobaki ni ya matengenezo, maboya ya kila baharia, nanga na amari (kamba ya nanga) mpya, na tanga zima hata kama una mashine, kwa sababu petroli huisha.

Mkataba uandikwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa, mashahidi wa pande mbili, warithi wote wakitia saini. Utaje chombo, urefu, namba, na mashine kwa namba yake. Fedha ilipwe hapo, si jana yake.

Wiki za mwanzo

Safari zako tatu nne za kwanza zisivuke mwamba, na baharia mmoja awe anayeijua bahari hiyo. Sikiliza utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, kabla ya kutoka. Kila asubuhi kabla ya kufua maji, angalia lile taruma la katikati, uweke mstari wa mkaa na tarehe. Yangu ya sasa ina mistari ya miaka miwili, yote chini ya kidole, isipokuwa mmoja wa Machi, tulipogonga jiwe.