Gari inazima ukiachia mafuta? Weka bisibisi chini kwanza

Mwaka jana natoka Newala kwenda Lindi kwa njia ya Masasi, nina Corolla ya zamani ya 5A otomatiki, nyuma shemeji na kuku wake wanne, kufika njiapanda ya Mnazi Mmoja gari ikaanza kuzima kila nikiachia mafuta. Fundi mmoja akafungua boneti, akazungusha skrubu moja, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ikakaa 1500, akasema imepona, lete elfu kumi. Kweli haikuzima tena, ila kila nikiweka D inaruka kama mbuzi aliyekata kamba na mafuta yanakwenda hatari.

Sasa sikia. Gari nyingi ndogo za petroli zikishapata moto sailensi yake, yaani RPM ukiwa umeachia mafuta, ni kati ya 600 na 800 hivi, asubuhi injini ikiwa baridi kukuta 1200 mpaka 1500 ni kawaida, itashuka yenyewe taratibu, na ukiwasha AC ikipanda kidogo usishtuke, imewekwa hivyo ili isizidiwe na mzigo. Kwa hiyo usipime sailensi gari ikiwa baridi. Iache ipate moto mpaka feni izunguke hata mara mbili, zima AC, taa na redio, weka P, vuta handbreki, hapo ndo usome RPM. Na fanyia nje, chini ya mwembe, sio gereji iliyofungwa, moshi wa egzosi unaua kimyakimya.

Kama inazima ukiachia mafuta, mimi naanzia kwenye throto, ule mlango wa hewa inayoingia kwenye injini. Kwetu huku vumbi jekundu la Newala na Tandahimba ukiendesha na ea klina (chujio la hewa) iliyochanika, unga wote unaingia ndani unachanganyika na mvuke wa oili. Fungua paipu kubwa inayotoka kwenye ea klina, utaona kile kisahani kinachofunguka ukivuta kebo. Changu pembeni palikuwa na masizi meusi kama tako la sufuria la kuni, na kile kitundu kidogo cha hewa ya sailensi kimebaki kama sindano. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, pulizia kabu klina (dawa ya kusafishia kabureta) kwenye kitambaa, futa kwa mswaki wa zamani, na ile valvu ya sailensi ukiweza ifungue uioshe pia. Ila sensa ya hewa kama gari yako inayo usiipulizie hiyo dawa, ina waya mwembamba sana, utanunua nyingine. Na zile throto za umeme zisizo na kebo usisukume kisahani kwa kidole.

Nimemaliza kusafisha, nawasha, RPM ikaruka mpaka 2000! Hapo ndo nikaelewa yule bwana alichofanya, alikaza skrubu ya kisahani ili hewa ipite kwa nguvu kuzunguka uchafu, sasa uchafu umetoka na skrubu iko palepale. Nikairudisha robo robo mpaka ikakaa 750. Hiyo skrubu kiwandani imeshapangwa pamoja na sensa ya throto, ukiigusa ovyo kompyuta haijui tena kama umekanyaga mafuta au umeachia.

Kama yako haizimi ila RPM inapanda inashuka, panda shuka, hapo wasiwasi wangu ni hewa inayoingia pasipotakiwa. Sikiliza kama kuna msonyo, angalia paipu ndogo za raba, hasa ile nene ya kwenye busta ya breki, joto la huku linazikausha zinapasuka chini ya klempu ambako huoni. Pakaa maji ya sabuni kwenye maungio, sauti ya injini ikibadilika umeipata. Wengine wanapulizia petroli, aisee utaunguza gari. Cheki na maji ya rejeta pia, yakipungua sensa ya joto inadanganya na sailensi inabaki juu.

Ikiwa inatetemeka na kumisi (silinda moja haiwaki vizuri), hiyo mara nyingi ni plagi au koili, sailensi haina kosa.

Wenye kirikuu za kabureta nyie ndo mna ruhusa ya bisibisi. Injini ikiwa ya moto, skrubu ya mwendo weka sailensi juu kidogo, halafu skrubu ya mchanganyiko zungusha polepole mpaka usikie injini imelainika na RPM iko juu kabisa, kisha rudisha ile ya mwendo kwenye namba iliyoandikwa kwenye stika ya boneti kama bado ipo. Ya mchanganyiko usiikaze mpaka mwisho kwa nguvu, ncha yake ikiharibika hata uizungushe mpaka usiku haitatulia.

Ukichomoa betri kwenye gari za EFI (zinazopuliza mafuta kwa kompyuta badala ya kabureta), baada ya kurudisha sailensi inaweza kusumbua. Iache iungurume dakika kumi bila AC, halafu kumi na AC, usiguse mafuta, na usimwite fundi kabla haijamaliza.