Kupima bakteria katika maji ya kisima, jabia na bomba mjini Lamu: mwongozo kwa mradi wa sayansi

"Je, maji yetu ni machafu?" bado si swali la mradi. Linganisheni: kisima kilicho karibu na shimo la choo, jabia la maji ya mvua, na bomba. Pimeni kwa futi kamba umbali wa kisima hadi choo kilicho karibu, na mwandike kama mvua ilinyesha siku zilizotangulia.

Tunawatafuta koliform, bakteria wanaochachusha laktosi (sukari ya maziwa) na kutoa asidi na gesi. Wengi huishi utumboni mwa watu na wanyama, ingawa wengine hupatikana kwenye udongo. Kipimo hiki hakitawaambia kama kinyesi ni cha mtu au cha punda, na punda Lamu wako kila kichochoro. Msidai mnajua.

Vifaa kwa sampuli tatu: neli 20 za kioo za milimita 20 kwa 150, vineli 20 vya Durham (neli ndogo za kunasa gesi), unga wa MacConkey (chakula cha bakteria) wa kuyeyusha majini, usio na agari ya kugandisha, wenye rangi ya zambarau, sindano mpya za mililita 10 zisizo na ncha, chupa za kioo za mililita 250 zinazostahimili joto, pamba, karatasi ya foili na sufuria ya presha.

Hatua ya 1: Chakula cha bakteria. Someni kibandiko cha unga, kisha mzidishe kipimo mara mbili, kwa sababu maji ya sampuli yatakizimua nusu kwa nusu. Kikisema gramu 40 kwa lita, tumieni gramu 16 katika mililita 200 za maji yaliyokenekwa. Mimineni mililita 10 kila neli, tumbukizeni kineli cha Durham mdomo ukiwa chini, zibeni kwa pamba na foili.

Hatua ya 2: Kuua vijidudu. Pikeni neli, chupa za sampuli na chupa moja ya maji kwa dakika 15 katika shinikizo la pauni 15, yaani nyuzi 121. Chupa ya sampuli ya bomba itieni kwanza mililita 0.2 za sodiamu thiosalfeti ya asilimia 3, ili klorini isiendelee kuua bakteria njiani. Vifuniko vya chupa vilegezeni kidogo, msije mkavipasua.

Miradi mingi huharibikia hapa. Mkifungua sufuria kabla presha haijashuka yenyewe hadi sifuri, chakula huchemka ghafla na hewa hubaki ndani ya vineli. Kesho yake mtaona kiputo na kukiita gesi. Zima moto, subirini. Kagueni kila neli kabla ya kuitumia. Yenye kiputo itupeni.

Hatua ya 3: Kuchota. Bomba: pangusa mdomo kwa spiriti, acha maji yatiririke dakika mbili, kisha jaza, ukiacha nafasi ya kutikisa. Kisimani msitumie ndoo na kamba ya nyumbani. Kamba hiyo imelala chini, imeshikwa na mikono mingi, na mtakuwa mmeipima kamba badala ya maji. Fungeni chupa na jiwe lililooshwa na kuchemshwa, kwa kamba mpya iliyochemshwa pia, mteremshe bila kugusa kuta wala tope la chini. Fanyeni vivyo hivyo kwenye jabia. Msiguse ndani ya kifuniko. Wekeni chupa kwenye boksi la barafu, zisigande, na mpime ndani ya saa 6.

Hatua ya 4: Kupanda. Tikisa chupa, kisha tia mililita 10 katika kila neli tano za sampuli hiyo, kwa sindano mpya kwa kila sampuli. Neli mbili zipate maji yaliyopikwa kwenye presha. Neli moja ipate maji hayohayo yaliyotiwa chembe ya kinyesi cha punda, mkivaa glavu. Zile mbili zikigeuka manjano na kutoa gesi, uchafu umetoka kwenu. Hii ya mwisho isipogeuka, chakula au joto lina kasoro.

Hatua ya 5: Joto la nyuzi 35 hadi 37 kwa saa 48. Boksi la foamu la samaki, balbu ya waya (ya LED haitoi joto la kutosha), thermostati na kipimajoto vinatosha. Wekeni chupa kadhaa za maji ndani. Zitahifadhi joto umeme ukipotea.

Hatua ya 6: Kusoma, baada ya saa 24 na tena 48. Neli iliyogeuka manjano na kuwa na gesi kwenye kineli ni chanya. Manjano bila gesi haihesabiwi. Hesabuni neli chanya kati ya tano za kila sampuli, mkadirie idadi ya koliform: chanya 0 ni chini ya 2.2 kwa mililita 100. 1 ni 2.2, 2 ni 5.1; 3 ni 9.2, 4 ni 16, zote 5 ni zaidi ya 16. Katika ripoti andikeni "koliform wa kukisiwa". Jina la E. koli (koliform wa kinyesi) linahitaji kipimo cha pili cha nyuzi 44 kamili, nacho mwachieni maabara. Mkipata chanya kisimani kwa mtu, pelekeni matokeo kwa mwenye kisima na kwa afisa wa afya ya jamii kabla ya kutundika chati popote.

Hatua ya 7: Neli zilizotumika hazifunguliwi wala kunuswa. Zirudisheni kwenye presha kwa dakika 30, ndipo mzimwage.