Kabla hujarusha utani wa UFC
Ukiwa na mashabiki wa UFC, yale mapigano ya ngumi, mateke na mieleka, usikurupuke kusema “Sishangai” kila mpiganaji wako akishinda. Utani huo ulizaliwa Machi 2016, Nate Diaz alipoutamka baada ya kumkaba shingo kigogo Conor McGregor mpaka akasalimu amri raundi ya 2, na Diaz mwenyewe alikuwa kaitwa dakika za mwisho kuziba pengo. Basi mahali pake ni pale asiyetarajiwa anapomwangusha kigogo. Ukiutumia kwa kigogo, watajua wewe ni wa kuja. Wakikuita “Just Bleed”, usishukuru: ni yule anayezomea wapiganaji wakianza kukabana chini, anataka damu tu. Na “nitumie lokesheni” ya bingwa wa zamani Khabib? Hapo unaitiwa ngumi, siyo bodaboda anayekuletea chipsi.