Ndege ya mizigo ikianguka jirani: ninavyowaelekeza watu wa shina langu

Asubuhi ya ukungu hapa kwetu, jirani na Kiwanja cha Songwe, ndege huisikia kabla hujaiona. Inanguruma juu, inazunguka, mara nyingine inarudi Dar bila kutua. Abiria hulalamika, mimi humshukuru rubani. Tarehe 16 Januari 2017, kule Bishkek nchini Kyrgyzstan, Boeing 747 ya mizigo iliendelea kushuka kwenye ukungu, ikaupita uwanja na kuangukia makazi ya watu. Wa ndani ya ndege walikufa 4. Wa chini, 35.

Kwa hiyo anza na daftari, leo. Andika kila nyumba na wanaolala humo, hata mpangaji, hata mtoto wa ndugu aliyekuja kusoma. Zimamoto watataka kujua nani yumo ndani. Mimi ni mjumbe, daftari ninalo, lakini nakala nimempa jirani wa mbali, maana huenda itakayoangukiwa ni nyumba yangu.

Ikitokea, piga 114 Zimamoto, au 112. Taja shule, kanisa au daraja lililo karibu, kisha tuma kijana barabarani awaongoze. Njia ya gari iachwe wazi.

Tazama moshi unakoelekea, usogee upepo ukiwa mgongoni. Mafuta ya ndege ni jamii ya mafuta ya taa, na hutiririka mtaroni: usiwashe pikipiki wala sigara. Marubani wako puani mwa ndege. Ukimkuta majeruhi anapumua na moto uko mbali, usimnyanyue. Mfunike blanketi, ongea naye. Moto ukikaribia, mshike kwapani umvute, mwili wake ukiwa umenyooka.

Mizigo msiguse, jamani. Humo mnaweza kuwa na kemikali, au betri zinazolipuka baadaye. Pale Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu. Walikufa zaidi ya 100. Sitaki kuzika jirani kwa ajili ya katoni.

Marehemu afunikwe khanga, asipigwe picha. Kisanduku cha kurekodi safari huitwa cheusi, ila kina rangi ya chungwa. Kikionekana, kiachwe palepale, polisi waambiwe.

Jumapili nimepita tena nyumba kwa nyumba. Nyumba ya saba nimeongeza mstari: kichanga, siku tisa, jina bado.