Ujue mradi wako uko ngazi gani ya BIM, kisha uupandishe

Ofisi ikishanunua programu ya usanifu kama Revit au ArchiCAD, husema inafanya BIM, yaani kusanifu na kujenga kwa modeli ya kompyuta inayobeba taarifa za jengo. Ukienda saiti, tuseme Njiro, Arusha, unamkuta fundi anafunga nondo kwa ramani aliyotumiwa WhatsApp, kumbe mhandisi ameshaibadilisha. Ngazi hupimwa kwa namna taarifa zinavyotoka kwa mtu mmoja kufika kwa mwingine. Bei ya programu haihusiki.

Mpangilio wa ngazi 0 hadi 3 ulichorwa Uingereza mwaka 2008 na Mark Bew na Mervyn Richards, na serikali yao ikaitaka ngazi ya 2 kwenye miradi yake kuanzia Aprili 2016. Viwango vya kimataifa vya BIM, ISO 19650, vilivyoanza kutoka mwaka 2018, vimeliacha neno ngazi, lakini mazoea ni mazoea. Nami nitahesabu kwa ngazi.

Hatua ya 1: Jipime. Chukua badiliko moja la kweli, mfano nguzo iliyosogezwa sentimita 20, ulifuatilie. Kila ofisi imechora upya kwa kusikia tu? Uko 0. Wote wamechukua faili mahali pamoja, na inajulikana kama imeidhinishwa? Uko 1. Kila fani ina modeli yake yenye taarifa, na modeli zinaunganishwa kukaguliwa? Uko 2.

Hatua ya 2: Toka 0 uende 1. Fungua hifadhi moja ya mradi yenye folda nne: inayoendelea, ya kushirikishana, iliyoidhinishwa, na kumbukumbu. Faili haihami folda mpaka mtu aliyetajwa kwa jina aikague. Saiti wasione chochote nje ya folda ya tatu.

Majina ya faili ndiyo yenye ubishi. Achana na "ramani_mpya_ya_mwisho2". Tumia LDG-ABC-ZZ-01-DR-S-0012: mradi, ofisi, sehemu ya jengo, ghorofa, aina (DR ni ramani), fani (S ni miundo), namba. Toleo ni P01, P02 na kuendelea wakati wa usanifu. Likiidhinishwa kwa ujenzi linakuwa C01. WhatsApp ibaki ya kutoa taarifa: "C02 ya slabu ipo, chapeni." Faili lisipite humo.

Hatua ya 3: Toka 1 uende 2. Kabla mtu hajachora, mbunifu majengo, mhandisi wa miundo na wa mabomba wakubaliane nukta moja ya kuanzia (mimi hupenda makutano ya gridi A na 1), kipimo kimoja, na kimo cha kila ghorofa. Kwenye viwanja vya mteremko wa Meru, kimo kikikosewa modeli hazikai pamoja hata kidogo.

Kila fani itoe modeli yake kwa IFC, aina ya faili inayosomeka kwenye programu tofauti. Ziunganishe kwenye programu ya kuangalia. Bonsai, inayofanya kazi ndani ya Blender, ni ya bure. Kisha tafuta migongano, ukianza na maji taka dhidi ya boriti. Bomba la maji taka haliwezi kupandishwa likwepe kitu: likiteremka kwa uwiano wa 1:40, ndani ya mita 6 limeshuka milimita 150, na hapo ndipo linapoingia kwenye boriti. Swichi za taa zisubiri. Kompyuta itakuletea migongano mamia, mingi ya upuuzi; chagua ile ambayo fundi angelazimika kuchonga zege.

Usirekebishe modeli ya mwenzako, hata kama unaweza. Mrudishie mwenyewe, maana muhuri uliopo ni wake. Utaratibu huu uandikwe kwenye mkataba mapema, pamoja na nani anachora nini.

Ngazi ya 3 ni wote kufanya kazi ndani ya modeli moja. Kwa lodge au jengo la maduka la hapa, iache.

Hatua ya 4: Taarifa za mwenye jengo. Ngazi ya 2 inadai pia jedwali la vifaa, kwa mpangilio wa COBie: pampu aina gani, namba yake, dhamana mpaka lini, imefungwa chumba kipi. Lijaze pampu inapofungwa. Ukisubiri siku ya kukabidhi funguo, aliyeifunga ameshahamia saiti nyingine Moshi na karatasi za dhamana amekwenda nazo.