Kumpeleka mama Zanzibar kutoka Mbeya au Iringa: boti inaanzia Dar lakini safari inaanzia kitandani kwake

Ugonile, kamwene, wandugu wa nyanda za juu mlioko nje. Kila ikikaribia Krismasi napata meseji zile zile, dada tunakuja mwaka huu, tunataka kumpeleka mama Zanzibar akaione bahari kabla hajazeeka zaidi, tukitoka Mbeya alfajiri tutawahi boti ya jioni? Hamtawahi. Na hata ikitokea mkawahi, mtampandisha kwenye boti mtu ambaye hajiwezi, hiyo bahari hataiona ataangalia sakafu tu. Kwa hiyo nimeona nikae niandike yote kwa pamoja, mwenye kuhitaji asome, ampe na mdogo wake anayekata tiketi huko nyumbani.

Kwanza umbali, maana tukikaa sana nje tunasahau. Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, Iringa mpaka Dar kama 500. Ukiangalia ramani ya simu unaona masaa kumi, kumi na moja, unazoea barabara za huko uliko unasema mbona kawaida. Ramani haijui foleni ya malori hapo Uyole, haijui mlima Kitonga lori likikwama mnakaa wote mnaangaliana, haijui Mikumi basi lazima litembee taratibu maana barabara inakatiza katikati ya hifadhi karibu kilomita 50 na wanyama wanavuka, alafu ukishamaliza yote hayo ukidhani umefika ndo unaanza Chalinze, Mlandizi, Kibaha, foleni mpaka stendi ya Mbezi. Kwa basi hesabu masaa 12 mpaka 14 kutoka Mbeya, manane mpaka kumi kutoka Iringa, na ukifika Mbezi bado hujafika mjini.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Mwaka 2022 nilikuja na wanangu wawili, tukamchukua mama Tukuyu, tukalala Uyole ili tusihangaike asubuhi, saa kumi na mbili tukapanda basi. Mama alikuwa amevaa sweta nene na kitenge juu yake, Tukuyu ile ya mwezi wa saba mnaijua. Tumefika Ruaha Mbuyuni jasho linamtoka, sweta tukaivua, maji hataki kunywa sana kwa sababu anaogopa kuomba basi lisimame akajisaidie, na hilo wazee wetu wengi wanalifanya kimya kimya bila kukwambia. Basi likaharibika tukiwa tumeshaipita Mikumi, tukakaa pembeni ya barabara karibu masaa matatu. Tumeshuka Mbezi saa nne usiku. Nakumbuka nilipiga magoti nimvalishe kandambili, miguu ilikuwa imevimba mpaka ile kamba ya katikati haipiti kwenye vidole, akaniambia niache tu mwanangu nitatembea hivi hivi. Akatembea peku stendi nzima. Sijasahau mpaka leo.

Na hapo ndo tukagundua kosa la pili. Nilikuwa nimemwambia ndugu yangu mmoja atutafutie lodge "karibu na feri" kwa sababu boti yetu ilikuwa saa moja asubuhi. Sasa kwa mtu wa Dar, Feri ni pale Magogoni, panapovuka pantoni la kwenda Kigamboni, pale kwenye soko la samaki. Yeye akaelewa hivyo, akatuchukulia lodge nzuri tu lakini ng'ambo, Kigamboni. Usiku tulizunguka na taksi kupitia darajani tukalala saa saba, asubuhi tukakuta foleni ya pantoni watu wanawahi kazini, boti ya saa moja ikaondoka tunaiona kwa macho. Tukaongeza hela tukapanda ya mchana. Kwa hiyo tafadhali sana, ukiongea na dereva, na bajaji, na ndugu, usiseme feri. Sema boti za Zanzibar. Ziko Sokoine Drive, mbele ya kanisa kubwa la Mtakatifu Yosefu, ukiuona ule mnara umefika.

Kuna jina lingine linalochanganya. Stendi kuu ya mabasi ya mikoani, ile ya Mbezi Luis iliyoanza kazi 2021 tukaachana na Ubungo, inaitwa Magufuli. Stesheni ya mjini ya treni ya SGR, ile mpya ya umeme, nayo inaitwa Magufuli. Moja iko pembeni kabisa ya jiji, nyingine iko katikati, kilomita moja hivi kutoka kwenye boti. Ukimwambia mtu akupokee Magufuli bila kusema ipi mtatafutana.

Na hiyo treni ndo habari njema ya mwongozo wangu wote. Tangu SGR ianze kubeba abiria Dar na Morogoro mwezi wa sita 2024, sisi wa kusini tumepata njia ambayo wengi bado hawaitumii kwa sababu haifiki kwetu. Haifiki kweli, lakini basi la Mbeya au Iringa linapita Morogoro. Unashuka Msamvu, unachukua bajaji au taksi mpaka stesheni ya SGR iko Kihonda, upande wa barabara ya Dodoma, unapanda treni, chini ya masaa mawili uko katikati ya Dar umekaa kwenye kiti kizuri na choo kipo. Ile foleni yote kuanzia Chalinze mpaka Kimara umeiruka. Ukiwa na mzee hii kitu ni ukombozi, sitanii.

Lakini ina masharti yake. Tiketi ya SGR ina saa yake na treni haimsubiri mtu wa Kitonga. Usikate ya mapema ukitegemea basi litafika kwa wakati. Mimi nashauri hivi, mnaotoka Iringa pandeni basi la asubuhi pale Igumbilo, mchana mko Morogoro, kateni treni ya jioni, hapo mna nafasi ya kutosha hata basi likichelewa. Mnaotoka Mbeya, Tunduma, Kyela, Njombe, msikazane kufika Dar siku hiyo hiyo. Laleni Morogoro. Gesti za heshima zipo nyingi tu, mzee ananyoosha miguu, anaoga maji ya moto, asubuhi mnapanda treni akiwa na nguvu. Au laleni Iringa kama kuna ndugu, maana mama zetu kumpita ndugu bila kumsalimia ni kesi.

Treni ukate mapema, hasa Desemba na siku za ijumaa na jumapili, zinajaa. Kila abiria anatakiwa kitambulisho, mama awe na NIDA yake, wewe pasipoti, na majina yafanane na tiketi. Malipo ni kwa kontrol namba, ile namba ya kulipia unayopewa ukikata tiketi, ukiwa nje kadi yako ikisumbua mtumie mtu unayemwamini hiyo namba alipe kwa simu huko huko, ila tiketi zote zihifadhi kwenye simu yako wewe na uwe na kopi za karatasi, bundle huisha na charji huisha. Na wanataka mfike stesheni kama masaa mawili kabla, msikaribie dakika za mwisho, kuna ukaguzi wa mizigo.

Wapo watakaokwambia sa hivi mabasi yanatembea usiku, pandeni jioni mtaamkia Dar mpande boti ya saa tatu na nusu. Ni kweli, tangu 2023 mabasi yameruhusiwa usiku, na kama ni wewe na rafiki zako vijana fanyeni. Mzee wa miaka sabini mwenye presha simshauri kabisa, usiku mzima amekaa wima, Makambako baridi inapenya dirishani, kule chini joto, dawa hajui anywe saa ngapi.

Ndege ipo pia. Uwanja wa Songwe kuna ndege za Dar, mwendo wa saa moja na kidogo angani, na kama hela inaruhusu kwa mzee hii ndo bora. Angalieni tu vitu viwili. Kutoka Mbeya mjini mpaka Songwe barabara inajengwa njia nne na malori ya Tunduma ndo hayo hayo, tokeni mapema. Na masika ukungu ukishuka kule ndege inaweza kuchelewa, kwa hiyo boti ya siku hiyo hiyo iwe ile ya saa kumi jioni, isiwe ya mchana. Kutoka uwanja wa ndege wa Dar mpaka kwenye boti wekeni saa moja na nusu, Nyerere Road haina huruma.

TAZARA, ile treni ya Zambia, naipenda, nimekua nikiisikia pale Iyunga, na watoto wenu waliozaliwa nje wapandisheni siku moja waone Mlimba na mahandaki na wanyama dirishani. Ila isiwe kwa safari yenye boti mbele yake, pandeni mkiwa hamna haraka na lolote. Wa Iringa mjini kwenu haipiti.

Ukilazimika kufika Mbezi kwa basi, kuna mabasi ya mwendokasi, mnaweza kubadilisha Kimara, shukeni Posta ya Zamani. Msiende mpaka mwisho Kivukoni, hapo mnarudi kwenye ile feri niliyowaambia. Mkiwa na mabegi makubwa na mzee chukueni gari, tafuteni kwa apu kwenye simu, msikubaliane bei na wa kwanza anayekuvuta begi. Lodge iwe Posta, Kisutu au Kariakoo. Kariakoo bei nafuu lakini kelele mpaka usiku wa manane, ombeni chumba cha nyuma.

Tiketi za boti. Kata kwenye ofisi yenyewe au onlaini kwao wenyewe. Pale nje kuna vijana wanakufuata kuanzia barabarani, dada boti imejaa, nipe mimi nakufanyia. Nyamaza, tembea, ingia ndani. Bei ziko mbili, mkazi ana bei yake, asiye mkazi analipa ya juu zaidi, kwa hiyo mama atalipa yake na wewe yako. Na saa, jamani saa. Tiketi imeandikwa 09:30, hiyo ni saa tatu na nusu asubuhi. Mwanangu aliyekulia nje nilimwambia boti saa tatu na nusu akajiandaa na mchana, na nyie mkiwa na watoto wa hivyo waandikieni kwa namba zote mbili. Fikeni saa moja kabla.

Sasa hili linauma lakini bora ulijue ukiwa kwako kuliko ulijue kwenye foleni. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kama umeshachukua pasipoti ya Uingereza au Marekani basi wewe unahesabika mgeni, kwa kawaida visa lazima, na Zanzibar tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa nje anatakiwa kuwa na bima yao ya dola 44, ya kwako ya huko nje haihesabiki. Nunueni mtandaoni mapema. Mkishuka Malindi mama atapita huku na nyie mtapelekwa kule dirishani, kwa hiyo pangeni nani anabaki na mama. Mimi mara ya pili nilikwenda na mama na mama mdogo, nikahakikisha mpwa wangu wa Mbeya yupo na sisi, akapita nao akawakalisha kivulini huku mimi nagongewa muhuri.

Mwisho ni bahari yenyewe. Mama yangu alikuwa anaogopa na sikumbeza, kwa sababu alisikia redioni MV Spice Islander 2011 na MV Skagit 2012, watu walikufa wengi na hizo habari zilifika mpaka Tukuyu. Usimwambie mzee acha woga. Mwonyeshe boti yenyewe kubwa inavyofanana, mwonyeshe maboya yalipo, mwambie ni chini ya masaa mawili. Chagueni muda kama mnaweza, mwezi wa sita mpaka wa nane kusi inavuma na boti inacheza sana, Desemba na Januari huwa afadhali, na boti ya asubuhi hutulia kuliko ya jioni. Kaeni ndani, chini, nyuma kidogo ya katikati, siyo mbele. Asipande na njaa wala asishibe maharage, chai ya tangawizi na mkate vinatosha, na kamfuko ka kutapikia mkononi.

Kurudi fanyeni hivyo hivyo kinyume. Boti ya asubuhi, treni ya jioni, mnalala Morogoro, basi kesho yake. Na kama mama amejaza maji ya bahari kwenye chupa ya kuwaonyesha majirani, ifunge vizuri na uibebe mkononi, mama mdogo alisafiri nayo magotini mpaka Uyole na tone halikumwagika.